Mtutu Hudanganya: Jinsi ya Kutambua Mizinga ya Waingereza Katika Picha za Zamani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, ndugu zangu watunza nyaraka, na vijana mnaoanza kukusanya picha, asanteni kwa nafasi hii.

Twende moja kwa moja Fort Jesus, Mombasa, kwenye mizinga miwili ya meli iliyowekwa pale. Mmoja ni wa manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, iliyozamishwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mwingine ni wa manowari iliyoizamisha, Königsberg ya Wajerumani, ambayo nayo ilimalizwa ndani ya delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, iliposhambuliwa na manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey. Wajerumani waliopoa mizinga yake yote kumi, wakaifungia magurudumu na kupigana nayo nchi kavu. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus wakafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana zipo picha kadhaa za vita ile zinazoonyesha mzinga mrefu wa meli juu ya magurudumu, askari wamepanga mstari kando yake, na nyuma ya picha mtu ameandika kwa kalamu "mzinga wa Königsberg". Huenda ni kweli. Huenda aliandika hivyo kwa sababu Königsberg ndilo jina alilolikumbuka.

Tutajuaje? Mzinga wa Pegasus una tundu la inchi 4, yaani milimita 101.6. Wa Königsberg una milimita 105. Hakuna picha itakayokuonyesha tofauti ya milimita tatu na kidogo. Urefu nao hausaidii, kwa kuwa yote miwili ina mtutu wa takriban mara 40 ya kipenyo cha tundu lake. Ukiukodolea mtutu macho utakesha. Nenda nyuma. Mzinga wa Kijerumani unafungwa kwa kabari, bonge la chuma linaloteleza kwenda ubavuni, kwa hiyo sehemu yake ya nyuma ni nene na ya pembe nne kama sanduku. Wa Kiingereza unafungwa kwa skrubu: mlango wa mviringo wenye bawaba, wenye hesi zilizokatwa vipande vipande. Sekunde kumi za kutazama nyuma zinamaliza ubishi ambao mtutu usingeumaliza kwa siku nzima.

Basi hilo ndilo nililokuja kuwaambia. Mtutu ndio unaovutia jicho, na ndio unaodanganya. Mzinga usomwe kuanzia nyuma, kisha chini, yaani kwenye gari au kiweko chake, na mbele pawe mwisho.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu majina, maana Waingereza wenyewe waliyachanganya. Mizinga midogo waliiita kwa uzito wa kombora: mzinga wa ratili 12, wa ratili 18, wa ratili 25. Mikubwa waliiita kwa kipenyo cha tundu: inchi 6, inchi 9.2. Na pale ambapo mizinga kadhaa ilirusha kombora la uzito mmoja, waliongeza uzito wa mtutu wenyewe kwa handredweti, ambayo kila moja ni ratili 112, karibu kilo 51. Kwa hiyo "ratili 12, handredweti 12" ni mzinga wenye mtutu wa kilo 610 hivi. Huo ndio uliokaa juu ya nguzo ya chuma kwenye meli na kwenye ngome za bandari. "Ratili 12, handredweti 8" ni mtutu mfupi na mwepesi ambao wanamaji walishuka nao pwani wakiukokota kwa magurudumu. Kombora ni la uzito uleule, tundu ni lilelile la milimita 76, lakini ni mizinga miwili tofauti. Anayeandika "mzinga wa ratili 12" bila kusema upi ameacha nusu ya jina.

Sasa tuje kwenye mizinga ya uwanjani. Swali la kwanza la kujiuliza mbele ya picha ni hili: teke la mzinga linakwenda wapi? Mzinga ukifyatuliwa lazima urudi nyuma, na namna ya kulizuia teke hilo ilibadilika kila baada ya miaka michache, kwa hiyo inakupa tarehe.

Ukiona mtutu mtupu umelala juu ya ekseli, hauna silinda ya kuzuia teke juu wala chini, uko katika karne ya 19 au mwanzoni kabisa mwa ya 20. Mzinga wa ratili 15 waliokwenda nao vitani Afrika Kusini mwaka 1899 ni wa namna hiyo. Tafuta sepetu iliyoning'inia chini ya ekseli, yenye waya wa chuma unaokwenda kwenye springi ndani ya mkia, yaani boriti ya nyuma inayogusa ardhi. Sepetu ilichimba ardhi, springi ikavutika, mzinga ukasogea lakini haukukimbia. Vita ile iliwaaibisha Waingereza kiasi kwamba walinunua kimyakimya mizinga 108 kutoka kwa mtengenezaji silaha Ehrhardt wa Ujerumani, ya ratili 15 pia, ambayo silinda yake iko chini ya mtutu. Kwa hiyo silinda ya chini, magurudumu ya mbao na askari wa Kiingereza wa kabla ya 1914 visikuchanganye ukadhani umeona mzinga uliotekwa. Ulinunuliwa kwa fedha taslimu.

Kuanzia 1904 ikaja mizinga miwili pacha, wa ratili 13 kwa ajili ya vikosi vya farasi na wa ratili 18 kwa ajili ya vikosi vya kawaida. Hapa silinda iko juu ya mtutu, na mara nyingi imezungushiwa kamba nene tangu mwanzo hadi mwisho. Kamba ile ilikuwa kinga ya silinda, wala si pambo. Ukiona kamba hiyo, jua uko kwa pacha hawa. Lakini uko kwa yupi?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tukae kidogo. Pacha hawa wana ngao inayofanana, mkia unaofanana, na magurudumu ya kipenyo kimoja, futi 4 na inchi 8, yaani mita 1.42. Kilichotofautiana ni mtutu. Tundu la mzinga wa ratili 18 lina urefu wa mita 2.36 kutoka mdomoni hadi kwenye mlango wa nyuma. La ratili 13 lina mita 1.80. Ukiligawa kwa gurudumu, wa ratili 18 unatoka gurudumu moja na theluthi mbili, na wa ratili 13 gurudumu moja na robo. Kwa hiyo rula inatosha.

Tatizo ni kwamba wapiga picha hawakusimama ubavuni kabisa. Walisimama kwa mshazari ili nyuso za askari zionekane, na mshazari hufupisha mtutu. Wengi hupima mtutu, wakapima kimo cha gurudumu, wakagawanya, wakakosea. Kimo cha gurudumu hakipungui kwa mshazari. Upana wake ndio unaopungua, na unapungua kwa kiasi kilekile ambacho mtutu unapungua, kwa sababu mtutu na gurudumu vinaelekea upande mmoja. Kwa hiyo linganisha mtutu na upana wa gurudumu. Tuseme picha ina gurudumu lenye kimo cha milimita 40 na upana wa milimita 30, na mtutu wa milimita 50. Anayegawa kwa kimo anapata 1.25 na kuandika "ratili 13". Anayegawa kwa upana anapata 1.67, ambayo ni ratili 18. Picha moja, majibu mawili, na moja tu ni sahihi.

Njia hii inataka mambo matatu. Mtutu uwe karibu kulala sawa, usiwe umeinuliwa kwa pembe kubwa. Yaonekane magurudumu yote mawili, upime yote, utumie wastani, kwani lililo karibu na kamera huonekana kubwa kuliko haki yake. Na uwe unaona kweli mwanzo wa mlango wa nyuma, maana ngao hupenda kuuficha. Ukikosa la tatu, usipime. Andika pacha wote wawili na uache hapo.

Ukikuta mzinga mfupi mnene, hauna silinda juu, mdomo unatazama mbinguni, hiyo ni hawitza, na mara nyingi ni ile ya inchi 4.5 iliyoanza kutumika muda mfupi kabla ya vita vya 1914. Vyombo vya kuzuia teke viko chini ya mtutu. Hawitza ya inchi 8 ya miaka ya mwanzo ya vita utaijua kwa magurudumu ya chuma kama ya trekta na kabari kubwa za mbao zilizowekwa nyuma yake ili mzinga upande juu yake kisha urudi wenyewe. Mitutu yake ya kwanza ilikuwa mizinga ya meli ya inchi 6 iliyokatwa na kuchongwa upya kwa haraka, ndiyo maana imekaa kama gogo. Na ile ya inchi 9.2 haina magurudumu inapopiga: tafuta sanduku kubwa mbele yake lililojazwa tani kadhaa za udongo ili mzinga usiinuke.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna mzinga mdogo unaostahili heshima yake. Ni wa milimani, wa ratili 10, tundu la inchi 2.75, uliokuja na vikosi vya Wahindi vya mizinga ya milimani. Ulikuwepo Tanga Novemba 1914. Ulibebwa na nyumbu, kwa hiyo mtutu uligawanywa vipande viwili na kuungwa kwa nati kubwa. Ukiona mtutu mwembamba wenye pete nene katikati, kama fundo la muwa, ndiyo nati hiyo. Mitutu mingine ya Waingereza ya kubebwa na nyumbu nayo iliungwa hivyo, kwa hiyo fundo linakupa familia tu.

Vita Vikuu vya Pili ni rahisi zaidi, naviharakisha. Mzinga wa ratili 25 una ngao, matairi ya mpira, silinda chini ya mtutu, na duara kubwa la chuma ambalo ama limelala chini ya magurudumu ama limefungwa chini ya mkia. Duara hilo ndilo alama yake kubwa. Ukiwa na kofia ya chuma yenye matundu mdomoni, ya kupunguza teke, picha si ya kabla ya 1942. Mzinga wa inchi 5.5 una pembe mbili za chuma zilizosimama wima kando ya mtutu. Lakini wa inchi 4.5 ulikaa juu ya gari lilelile lenye pembe zilezile, mtutu wake ukiwa mwembamba zaidi, kwa hiyo pembe zinakupa familia tu. Familia nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika zina picha za vijana waliokuwa East African Artillery, jeshi la mizinga la Afrika Mashariki. Kikosi chake cha 301 kiliangamia sehemu kubwa meli Khedive Ismail ilipozamishwa tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, na kwa baadhi ya familia hizo picha ndiyo kumbukumbu pekee. Tusizipachike jina la kubahatisha.

Sasa twende pwani, kwenye ngome. Huku mzinga haukokotwi, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta magurudumu. Tazama sakafu.

Kati ya miaka ya 1860 na 1880 Waingereza walirudi kwenye mizinga ya kushindilia mdomoni baada ya kujaribu ya Armstrong ya kufungulia nyuma. Waliiacha tena njia hiyo, na sababu mojawapo ilikuwa ajali ya manowari HMS Thunderer tarehe 2 Januari 1879, mzinga uliposhindiliwa mara mbili bila mtu kutambua, ukapasuka na kuua watu 11. Mizinga hii mikubwa ya kushindilia ina umbo la chupa: nyuma nene mno, kisha inapungua kwa ngazi ngazi hadi mdomoni. Kiweko chake huteleza juu ya reli mbili za kuinamia mbele, na magurudumu madogo ya chini hufuata reli za tao zilizochimbiwa sakafuni. Reli hizo hubaki hata mzinga ukiwa umeuzwa chuma chakavu, kwa hiyo picha ya ngome tupu nayo inasema kitu.

Katika kundi hili, mara moja tu, nawaruhusu kutazama mdomo kwanza. Ukiwa na picha ya mbele iliyo safi, hesabu michirizi ndani ya tundu: mzinga wa inchi 7 una mitatu, wa inchi 9 una sita, wa inchi 10 una saba. Michirizi hii ni mipana, takriban sentimita 4 kila mmoja, kwa sababu kombora lilikuwa na vifungo vya shaba vilivyoingia humo. Ni vigumu kuikosa kama mwanga ni mzuri.

Na hapa upo mtego mmoja mbaya. Mizinga ya kale ya chuma cha kumimina, ile ya ratili 32 yenye pete juu ya kitufe cha nyuma ambayo watu huiita mizinga ya enzi za Nelson, iliyobaki kwa maelfu haikutupwa. Kwa njia iliyobuniwa na Palliser, afisa wa Kiingereza, ilitobolewa, ikawekwa bomba jipya la chuma lenye michirizi mitatu, ikaitwa ya ratili 64. Kwa nje ni babu, kwa ndani ni mjukuu. Mtu anaona umbo anaandika "mwaka 1800", kumbe picha ni ya 1880 na mzinga bado uko kazini. Tafuta duara la ziada kuzunguka tundu pale mdomoni, ambapo bomba jipya limekutana na chuma cha zamani. Duara likiwepo, umbo la nje lisikusumbue.

Mizinga ya shaba yenye mishikio ya umbo la pomboo mgongoni, na ile miwili ya Kireno iliyokaa mlangoni mwa Beit al-Ajaib, Unguja, ni habari nyingine kabisa. Huonekana katika picha za Waingereza kwa sababu walipenda kupiga picha mbele yake.

Baada ya 1900 ngome za dola ya Kiingereza zilisimama juu ya mizinga miwili: inchi 6 Marka VII na inchi 9.2 Marka X, Marka ikiwa ni namba ya toleo. Ukivijua hivi viwili umemaliza sehemu kubwa ya picha za pwani kuanzia Gibraltar hadi Cape Town. Wa inchi 6 una mtutu wa karibu mita 7 na kombora la ratili 100, yaani kilo 45, ambalo mtu mmoja mwenye nguvu hulibeba kifuani. Wa inchi 9.2 una mtutu wa karibu mita 11 na kombora la ratili 380, kilo 172, ambalo hakuna mtu wa kulibeba. Basi tazama watu, usitazame chuma. Askari akionekana amekumbatia kombora, ni inchi 6 au chini yake. Ukiona kapi, mnyororo, kigari cha kombora au lifti inayotoka chini ya sakafu ya zege, uko kwenye 9.2. Robben Island palikuwa na hizi za 9.2, na ukiona picha za pale, kila kitu kinachozunguka mzinga ni mashine ya kuinua.

Pembe ya mtutu nayo husaidia. Viweko vya mwanzo vya 9.2 viliinuka kama digrii 15 tu. Vya baadaye vilifika 35. Ukiona mtutu huo umeinuka theluthi moja ya njia kuelekea juu, kiweko ni kipya hata kama mtutu una umri wa miaka thelathini. Mitutu ilihamishwa kama injini za malori.

Hilo linanileta kwenye alama. Juu ya mtutu, karibu na nyuma, kuna taji na herufi za mtawala: VR kwa Victoria hadi Januari 1901, kisha Edward hadi 1910, kisha George. Kwenye masikio mawili ya ubavuni ya mizinga ya kushindilia, la kushoto mara nyingi lina R.G.F., ambayo ni karakana ya Woolwich, namba ya mzinga na mwaka. Uzito huandikwa kwa tarakimu tatu, handredweti, robo na ratili. Skani picha kwa dpi (nukta kwa inchi) 1200 angalau, bila kuongeza makali, kwa sababu programu za kunoa picha hutengeneza herufi ambazo hazikuwepo. Na kumbuka kwamba herufi za mtawala zinakupa kuzaliwa kwa mtutu. Tarehe ya picha iulizwe kwa mavazi: kofia ya chuma pana kama sahani haipo kabla ya 1915.

Jambo la mwisho la kiufundi ni picha zilizogeuzwa. Negativu za kioo ziliwekwa kinyume mara nyingi, kulia kukawa kushoto, nawe ukaanza kutafuta mzinga usiokuwepo duniani. Katika mizinga ya uwanjani ya Waingereza mlengaji hukaa kushoto na mfunguaji wa mlango kulia. Wakibadilishana, usikimbilie kutangaza ugunduzi. Tazama mkono wa bolti ya bunduki ya Lee-Enfield, ambao ni wa kulia, na medali, ambazo hukaa kifua cha kushoto. Vyote vikiwa kinyume, geuza picha uanze upya. Bunduki hiyo hiyo, kwa aina fupi, ina urefu wa sentimita 113, na ikiwa imeegemezwa kwenye gurudumu au ukuta wa ngome ni rula uliyopewa bure.

Katika rejesta, andika mambo matatu kwenye mistari mitatu tofauti. Mstari wa kwanza, maneno ya nyuma ya picha kama yalivyo, herufi kwa herufi, hata yakiwa na makosa. Wa pili, unachokiona bila kukipa jina: silinda juu, kamba, ngao, mlango wa nyuma umefichwa. Wa tatu, jina, na kando yake sababu. "Ratili 18, mtutu kwa upana wa gurudumu 1.67" ni kazi ambayo mwingine anaweza kuikagua kesho na kuisahihisha. "Ratili 18" peke yake ni uvumi wenye namba ya kumbukumbu.